Wifi Kanichukulia Binti

Binti yangu tulimwita Malkia, wala si kwa sifa. Mpaka anatimiza miaka kumi na sita hakuwahi kuosha hata kikombe alichonywea. Mimi fundi cherehani, mgongo umepinda kwa kuinamia nguo za watu. Yeye kitandani na simu. Nikimwomba anitungie uzi kwenye sindano, ananijibu, "Mama nawe, nimechoka!" Amechoka kwa kazi gani, hasemi.

Wifi yangu analea watoto waliotupwa na wazazi wao. Nyumba imejaa, mikono haitoshi, akaomba Malkia akamsaidie wakati wa likizo. Nilikubali huku nacheka, nikijua hamalizi wiki.

Akamaliza likizo yote. Aliporudi, alikuwa anaamka kabla yangu, anafagia, anafua, kisha ananiomba mabaki ya vitambaa atie viraka kaptula za "watoto wangu". Watoto wake! Kila akifungua mdomo ni shangazi kasema hivi, shangazi hufanya vile. Majirani wakinipongeza, nakanyaga cherehani kwa nguvu nisiwasikie. Niseme kweli, nilimwonea wifi wivu, tena wivu wa kukosa usingizi. Miaka yote nimebembeleza, nimefoka, nimelia. Yeye ambaye leba haijui kanigeuzia mtoto kwa likizo moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilijisemea, nikazidi kuvimba.

Halafu siku moja Malkia akaniambia, "Mama, nataka nihamie kwa shangazi moja kwa moja." Nikajitia sijasikia. Jumamosi alipokwenda kule, nilifunika cherehani nikamfuata ili nimrudishe nyumbani.

Nilimkuta ukumbini, amekaa mkekani, amempakata msichana wa miaka kama minne. Wengine wamepangana kwenye benchi, kimya, wakingoja. Ndivyo walivyozoea: kila jioni kabla ya chakula hupakatwa kwa zamu, maana mapaja ni machache.

Nikapita mbele. "Inuka, twende nyumbani."

Yule mdogo akamng'ang'ania shingo, akanikodolea macho. "Wangu!"

"Wako? Nimemzaa mimi!"

"Wangu!"

Huko jikoni nikasikia wifi anaangua kicheko. Mtu mzima na akili zangu, nabishana na mtoto mwenye makamasi.

Malkia hakuinuka. "Mama, hapa tunapanga foleni," alisema taratibu, bila ule ujeuri wake wa zamani. "Kaa. Nitakufikia."

Nilitaka kugeuka niondoke. Lakini nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alilaza kichwa begani kwangu, nikashindwa. Nikakaa mwisho wa benchi.

Tukasogea, tukasogea. Alipobaki mmoja tu mbele yangu, yule msichana, ambaye zamu yake ilikwisha zamani, akaja akijipenyeza ili anitangulie.

Nikamshika ukosi.

"Rudi nyuma," nikamwambia. "Mimi sijapata hata mara moja."