Gari Lililofundishwa Kuchechemea

Nakumbuka asubuhi ile jinsi barabara ya bondeni ilivyonyooka mbele yetu, nasi tumo ndani ya gari lisilonyooka. Ni miaka mingi sasa, mwanangu, lakini gurudumu likipasuka popote, moyo wangu hulala chini kabla yangu.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Vita vilikuwa vimefunga chuo kikuu, nikarudi Uvira na sanduku la vitabu na mdomo usiolala. Nilihoji mahubiri ya padri, nilihoji redio, nilihoji hata methali. Wazee wakiniambia haraka haraka haina baraka, niliwauliza mbona waliokimbia mapema ndio waliopona. Ugonjwa huo sijaupona. Methali nitakazokupa hapa nimezikagua moja moja, kama mtu anunuaye mayai.

Nilikaa mtaa wa Rugenge kwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Alinunua mpunga bondeni na kuupeleka Kavimvira, mpakani, kwa jeep yake ndefu, iliyoinuka juu ya magurudumu. Shida ya miaka ile ni kwamba jeep ndefu ilikuwa mali ya mwenye bunduki. Askari wa upande huu walizichukua kupandia milimani, na wa upande ule wakazichukua kushukia. Jirani yetu alitoka nyumbani akiendesha, akarudi kwa miguu, ufunguo mkononi.

Baba mkubwa akafikiri, kisha akampelekea gari Deo, fundi wa mtaani kwetu, mtu wa kelele na vicheko. Akamwambia alishushe. Deo akatoa springi ndefu, alizoziita resori, akaweka fupi alizozitoa kwenye gari jingine, na jeep ikaketi chini kama kuku anayeatamia. Gari la namna hiyo lingekwama kwenye mawe ya njia za milimani, na askari asiyeweza kupanda nalo hana haja nalo. Mpaka hapo, mwanangu, ilikuwa akili safi.

"Muzee, bado," Deo alisema, akijifuta mafuta mikononi. "Resori zikishuka, magurudumu yanapinda. Ona ya mbele: juu yameingia ndani, chini yametoka inje. Usukani nao umevutwa. Mashine ya paralelisme, ya kunyoosha magurudumu, iko Bujumbura na mupaka umefungwa, lakini miye nitanyoosha na kamba. Uniachie gari mpaka kesho."

Baba mkubwa alilizunguka gari, akachuchumaa kulitazama kwa mbele, akaanza kucheka.

"Unyooshe nini? Acha hivyo hivyo! Iko inatembea kama bata. Nani atanyang'anya muntu bata?"

"Itakula mipira ya magurudumu, muzee."

"Weye Deo, kuliko basoda wenye bunduki wakule gari, acha gari ikule mipira."

Deo naye akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, nimekaa kiti cha mbele, nikauliza, "Baba mukubwa, mbona tunaenda moja kwa moja, lakini usukani umeushika kama unakata kona?"

"Maswali yako peleka chuo, siku watafungua. Gari inajifanya kilema. Kilema haendaki vitani."

Jibu lilikuwa tamu, na jibu tamu ni hatari kwa mtu anayependa akili. Tena ushahidi ulikuwa upande wake. Majuma yalipita, magari marefu yakanyang'anywa, letu likaachwa. Vizuizini askari walilitazama, wakacheka, wakashusha kamba. Watu wa mtaa wakaanza kumwomba Deo awatengenezee bata wao. Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nusu ya pili ni kweli: miaka ile kibaya kilijitembeza salama kabisa. Kizuri hakikupata hata nafasi ya kuuzwa.

Mdogo wangu, Neema, alikuwa ameolewa Mutarule, kijiji cha bondeni, kwa wakulima. Mimba yake ya kwanza ilipotimia uchungu ukamshika, mtoto asishuke. Mkunga wa kijiji akatuma mtu kwa baiskeli: njooni na gari, afike hospitali ya Uvira, hii si kazi yangu tena. Tukaenda mimi, baba mkubwa na mkewe. Tukamlaza Neema nyuma kwenye godoro, kichwa chake mapajani mwa mama mkubwa.

"Baba mukubwa, gari yako inanivuta upande," Neema alisema, meno yameumana.

"Vumilia, mama. Inavutaka kila muntu."

Kizuizini askari mmoja kijana alilitazama gari kwa mbele, akaita wenzake.

"Muzee, gari hii iko na ugonjwa gani?"

"Ilikosa chanjo, komanda."

Walicheka wote. Hata Neema, katikati ya maumivu, nilimsikia akitoa pumzi iliyofanana na kicheko. "Pita, pita," yule kijana akasema, "isituambukize!" Baba mkubwa akanikonyeza, akakanyaga mafuta. Sijamwona akiwa na furaha kama ile tena.

Kisha ukalia mlio.

Hakuna aliyefikiri gurudumu. Katika miaka ile hapakuwa na sauti iliyokuwa sauti tu. Gari liliyumba, likavuka ukingo wa barabara, likasimama pua chini karibu na mfereji wa mashamba ya mpunga. Na kizuizi tulichotoka kukiaga kikaanza kufyatua risasi, kwa kuwa nao walisikia bunduki. Kizuizi cha mbele kikasikia cha nyuma, kikajibu. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walitoweka majini. Mimi na mama mkubwa tulimvuta Neema kwa makwapa, tukamlaza ndani ya mfereji, kwenye tope, tukamfunika kwa miili yetu. Risasi zilipita juu zikikata majani. Walikuwa askari wa jeshi moja, mwanangu. Walipigana vita kamili, na adui hakuwepo.

Mtoto alizaliwa pale, wa kiume. Mama mkubwa alimpulizia mdomoni, akampiga mgongoni, akamgeuza, akampulizia tena. Risasi zilikuwa zikilia kila upande, lakini tulichokuwa tunasikiliza ni kilio kimoja tu. Hakikuja.

Silaha ziliponyamaza, yule askari kijana alikuja akikimbia, bunduki mbele.

"Nani alipiga? Adui iko wapi?"

Baba mkubwa alinyoosha kidole kwenye gurudumu la mbele.

Askari akapiga magoti. Nami nikasogea, nikatazama. Upande wa nje, ule ambao sote tuliuona kila siku, tairi lilikuwa zima, meno yake makali kama la dukani. Upande wa ndani hapakuwa na mpira. Zilibaki nyuzi za chuma zilizochanika, zimetawanyika kama nywele. Tukalitazama na la pili. Nalo, kwa nje, zima. Kwa ndani, nyuzi. "Yesu wangu," askari akasema kwa sauti ndogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiyo nimeikagua kwa vidole vyangu, ikanichoma.

Mama mkubwa alipanda kutoka mferejini, mtoto amemfunga katika kitenge chake. Alisimama mbele ya gurudumu, akalitazama. Hakupaza sauti.

"Uliificha gari kwa basoda, vizuri. Sasa juu ya nini uliificha hata kwa weye mwenyewe?"

Baba mkubwa, mzee yule wa majibu matamu, akakaa kwenye tope.

Askari ndio waliotufungia tairi la akiba, wakatusukuma hadi barabarani. Twende polepole, walisema, kana kwamba tungeweza vinginevyo. Neema alifika hospitali, akapona. Daktari alisema huenda mtoto alikuwa amechoka tangu kijijini, huenda hata gari zima lisingemfikisha. Huenda. Nimeligeuza neno hilo maisha yangu yote na sijui. Sitakudanganya kwamba najua.

Lakini sikiliza hili, kwa maana ndilo linaloniamsha. Gari lilirudi kwa Deo. Alivuta kamba kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, akapima, akafungua, akakaza, hakutania hata mara moja. Magurudumu yakanyooka. Gari likabaki fupi vilevile, lakini bila kuchechemea. Na hakuna askari aliyelichukua! Mwaka ule wala uliofuata. Walisimama, walitazama jinsi tumbo lake lilivyo karibu na ardhi, wakaliacha. Ufupi ndio uliotukinga siku zote. Kilema hakikutukinga na kitu. Na mimi, niliyehoji padri na redio, sikuwahi kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kikifanya kazi. Niliona jambo linafaa, nikalipokea lote.

Basi, mwanangu, nyakati mbaya zitakapokutaka uiname, inama. Jishushe, jivike matambara, mdanganye mwenye bunduki, wala usione haya. Mti usioinama katika upepo wa kwetu tumeuona ukivunjika. Lakini ukishajishusha, rudi kwa utulivu ukanyooshe kile kinachokubeba: neno lako kwa watu wako, mikono yako kazini, ukweli unaojiambia mwenyewe. Usiache kilichopinda kibaki kimepinda kwa sababu kimekupitisha kizuizini jana. Na ukiona hila inakufaa, uliza ni sehemu ipi yake inayokufaa, na ipi inakula taratibu upande usiouona. Piga magoti, tia mkono ndani, ushike. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila kifo si lazima kiwe chake yeye.

Mungu akulinde uendapo na urudipo. Akupe watu watakaokuuliza maswali, nawe upate subira ya kuwajibu. Na siku watoto wako watakapozaliwa, walie kwa nguvu, wawasumbue majirani wote.