Siku Tulipowaficha Wageni Ngozi

Shangazi yangu akisikia neno mgeni, hasikii kingine. Awe msoma mita, awe muuza dawa ya mende aliyepotea njia, yeye anatoa vikombe vya kabatini, vile vyenye mstari wa dhahabu ambavyo sie tuliokulia humo ndani hatujawahi kuvinywea hata maji. Nimekaa naye Vingunguti tangu niko mdogo, nimeshamzoea, na bado ananitia wazimu.

Sasa mtu huyo ndiye mwenyekiti wetu. Tuna kikundi cha wanawake tunaotengeneza makubazi, vile viatu vya ngozi vya wazi ambavyo mtu anavalia kanzu Ijumaa na jinzi Jumamosi. Ngozi hatuendi mbali kuzitafuta, maana machinjio ni jirani zetu. Tunazisafisha, tunazitia dawa, tunazianika, tunakata, tunashona. Yote hayo yanafanyikia kwenye banda la kupanga nyuma ya nyumba ya shangazi. Mie ni katibu, na cheo hicho nilipewa kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu nyingine.

Mwaka ninaousimulia banda lilikuwa mashakani. Mwenye nalo alikuwa amefuatwa na watu wa makontena wanaotaka stoo ya ndala za plastiki. Kwa kuwa ni mtu mwenye haya hakututimua. Alituambia, "Mkinionyesha kazi ya uhakika, bakini. Mkikosa, Ramadhani ikiingia nawapa wale." Na sie hatukuwa na pa kwenda. Nani atakupangishia nyumba yake ukamwanikie ngozi mbichi dirishani?

Ndipo nikaalikwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa nchi jirani, ukumbi mmoja huko Kinondoni wenye kiyoyozi cha kugandisha meno. Asubuhi nzima wakubwa wenye suti walizungumzia mtangamano wa kiuchumi, wakautaja kwa mapenzi mpaka nikadhani ni mtoto wa dada yao. Sikatai, walisema ya maana. Ila wa kwangu mie niliupatia kwenye foleni ya chai. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Nairobi mwenye maduka ya viatu. Aligeuka, badala ya kuniangalia usoni akaniangalia miguuni.

"Hizi viatu umenunua wapi?"

"Sijanunua. Nimeshona."

"Wacha!"

Nikavua kimoja nikampa. Nimesimama mguu mmoja kwenye marumaru ya baridi, mwenzangu anakikunja, anakinusa, anavuta uzi kwa kucha. Tulipozifikia sambusa tulikuwa tumeshafika kwenye mzigo wa kila mwezi. Mie huyo, nikaanza kujiona balozi.

Akamwita afisa biashara wa upande wetu, mwanaume mpole mwenye miwani, naye akatueleza ishu ilivyo. Mzigo ukithibitika umetengenezwa kwetu, unavuka mpaka bila ushuru. Ukionekana umetoka nchi za mbali ukabadilishwa mfuko tu, unalipiwa, na ukishalipiwa bei yake haishikiki tena. Kwa hiyo watakuja wote wawili Alhamisi. Mama aone kazi, na afisa ashuhudie kwa macho yake ndipo ajaze cheti cha uasili wa bidhaa.

Nilirudi nyumbani naruka. "Shangazi, Alhamisi wanakuja wageni kutoka Nairobi kuona kazi!" Haki ya Mungu nilisema kazi. Yeye alisikia wageni.

Kesho yake nakuta anaongea na mtu wa maturubai.

"Shangazi, hawa wanakuja kuona kazi."

"Wataiona. Si viatu vitakuwa mezani?"

"Wanataka kuona banda."

"Mgeni anapelekwa uani? Tangu lini? We mtoto, umelelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi usiniaibishe."

Niliongea mpaka koo likakauka. Kikundi kizima kilikuwa upande wake, na kusema kweli ndivyo tulivyo huku kwetu: mgeni anawekewa sahani, jikoni haonyeshwi. Ukimuonyesha mgeni moshi na masizi watu watakuuliza kama una akili timamu. Nikabaki peke yangu na hoja zangu, nikanuna, nikaishia kuchagua rangi ya kitenge cha sare kama wenzangu.

Jumatano lilikuja guta, ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu, ngozi zote zikapakiwa zikapelekwa uani kwa shoga yake mtaa wa tatu. Mapipa ya dawa yakafunikwa, yakawekwa jamvi juu. Kalibu za viatu, nyundo na visu vikaingia kwenye viroba, viroba vikaingia chini ya kitanda cha shangazi. Banda likamwagiwa mchanga mpya, likatundikwa pazia, likapangwa maua ya plastiki. Udi ulifukizwa tangu alfajiri, na jirani mmoja akapita kuuliza anaolewa nani.

Wageni walipofika walipokelewa chini ya turubai na vigelegele na emsii wa harusi. "Wageni wetu rasmi kutoka Nairobiii, naomba makofi ya kilo!" Yule mama alitabasamu, akakaa kwenye kiti chenye utepe nyuma, akatazama saa.

"Asanteni sana. Sasa tuende penye mnatengenezea."

"Juisi kwanza," shangazi akasema.

Akanywa juisi ya ukwaju. "Ni tamu. Tuende sasa?"

"Kuna utambulisho."

Utambulisho ukafanyika. Kila mtu alisimama akapunga mkono, mpaka mpambaji wa kukodi. Yule mama akaona hapa akisubiri kuambiwa atalala. Akanyanyuka mwenyewe, akaenda uani, akafungua pazia la banda. Akaona mchanga na maua.

"Mafundi wako wapi?"

"Ndio sisi hawa," nikamjibu. Akatuangalia mikono. Wote tulikuwa tumepaka rangi ya kucha siku moja, rangi moja, kwa amri ya mwenyekiti.

Akarudi mezani kulikopangwa makubazi juu ya kitambaa cha kumetameta, akashika jozi, akaigeuza, akairudisha. Akashika nyingine. Ya tatu akaikazia macho, kisha akampa afisa. Chini ya soli kulikuwa na kibandiko cha kiwandani, chenye jina la nchi ambayo kwa meli unaifikia baada ya wiki kadhaa.

Lo! Kumbe shangazi aliona meza haijajaa. Bila kumwambia mtu, akaenda kwa jirani mwenye duka akaazima jozi zinazong'aa zaidi ya zetu.

"Mama, hizi zimetoka nje," afisa akasema kwa adabu.

"Hizo za kupendezesha tu, mwanangu. Usizihesabu."

Afisa akafunika kalamu yake.

"Mimi nilikuja kuona kazi," yule mama akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nimeona sherehe mzuri sana. Lakini nikifika mpaka na huu mzigo, niulizwe umetengenezwa wapi, nitasema nini? Kwa hema?" Akachukua mkoba wake.

Hapo nilipandisha. Mie nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, lakini siku ile zilitoka nisikokujua. "Shangazi, umetuua! Umeliuza banda letu kwa watu wa ndala! Udi wako huo umetuua!"

Emsii akashusha kipaza sauti. Kwetu hakuna anayemfokea mtu mzima mbele za watu, tena wageni, tena shangazi yake. Niliuona uso wake ukinywea, na nikaumia, na bado sikuweza kunyamaza. Nikavua viatu vya visigino nikakimbia peku kwenda mtaa wa tatu, sare imenibana miguu, nampigia kelele mwenye guta apakie kila kitu arudishe, sasa hivi, asiniulize.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mgeni alipofika getini alimkuta shangazi amesimama katikati. Hakutukana, hakulia. Alisema, "Mwanangu, umefika kwangu na hujala. Kazi unaweza kuikataa, sikulaumu. Lakini kwangu hutoki na njaa."

Nairobi watu wana haraka, ila na wao wamezaliwa na mama. Huwezi kumsukuma mtu mzima aliyeshika sahani. Yule mama akashusha mkoba, akapakuliwa pilau. Na pilau ya shangazi hailiwi upesi, maana ukipunguza anaongeza.

Harufu ilitangulia, guta likafuata. Niliingia nalo getini jasho linanitiririka mgongoni. "Nyie, mnanitazama nini? Kazi!" Wakaelewa. Sare zikapandishwa magotini, viroba vikavutwa kutoka chini ya kitanda, pazia likashuka na maua yake. Mmoja, hereni za dhahabu zinamning'inia mpaka mabegani, akaanza kukata soli. Mwingine akaanza kugonga. Wengine wawili wakafunua mapipa, na hapo hapo udi ukasalimu amri. Afisa biashara akatoa leso. Mpambaji akaenda kusimama barabarani.

Yule mama alinyanyua kichwa. Akasimama na sahani yake mkononi, akaja mpaka bandani huku anatafuna, akamwinamia mwenye hereni. Akamtazama anavyopima, anavyokata, anavyotoboa. Akaomba ashonewe jozi moja mbele yake, tangu ngozi mpaka mkanda. Tukashona. Afisa akavuka juu ya ngozi iliyolowa, akainama kwenye pipa, akajuta kuinama, akaandika.

"Sasa hii ndio kitu nilikuwa nataka," mama akasema, mdomo umejaa. "Si mngenionyesha tu mapema? Mwezi ujao tunaanza."

Nilimpigia simu mwenye banda papo hapo, nyundo zinalia nyuma yangu, nikampa mgeni aongee naye mwenyewe. Wakasalimiana, wakaulizana hali, wakaelezana. Simu iliporudi kwangu jamaa akasema wa ndala atawaambia watafute kwingine. Nilipiga kigelegele ambacho sijakipiga kwenye harusi yoyote, ikiwemo yangu.

Kugeuka, simuoni shangazi. Nikamkuta amekaa peke yake chini ya turubai, kwenye kiti cha mwisho chenye utepe, mikono mapajani. Nikapiga magoti kwenye mchanga.

"Shangazi, nisamehe. Nimekukosea adabu."

"Umenikosea," akasema. "Lakini si hilo."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua, na niliishi naye nyumba moja. Binti yake wa kwanza, ambaye kwangu ni dada mkubwa, aliwahi kuletewa posa na watu waliokuwa wanamtaka kweli. Siku hiyo marehemu mumewe alikuwa ameanika ngozi uani. Wale watu walikaa barazani na kanga puani. Juisi hawakunywa. Wakaaga, na hawakurudi, wala hawakutuma neno.

"Mtoto akaniuliza, mama, kwani mie nanuka? Ningemjibu nini?" Machozi yalimtoka, na shangazi yangu si mtu wa machozi. "Toka hapo nikaapa, mgeni akiingia kwangu hataisikia harufu hii tena. Leo nimeificha, na leo ndiyo waliyoifuata. Sasa mie ningejuaje?"

Dada yangu huyo aliolewa baadaye na mtu mwingine, yuko Mtwara, ana watoto wake, na kila akija anatucheka wote. Lakini hilo halikunisaidia kitu pale mchangani. Niliona aibu kwa kila neno nililomfokea, nikamshika mikono nikalia naye, tena kwa sauti.

Afisa akatukuta hivyo. Akakohoa, akasogeza miwani. "Samahani, mama mwenyekiti. Imebaki sehemu moja. Mahali bidhaa inapotengenezwa. Niandike Dar es Salaam?"

Shangazi akajifuta uso na upande wa kanga. Akatazama bandani, ambako yule mama alikuwa ameshapakuliwa sahani ya pili na wanawake, anakula amesimama, ngozi mbichi zikimning'inia kushoto na kulia, anacheka na mtu.

"Andika Vingunguti," akasema.

Afisa akaandika.

"Nyuma ya machinjio. Andika na hiyo."

Afisa akaongeza. Akampa kalamu, shangazi akaweka sahihi yake taratibu, mimi nimemshikilia karatasi isipeperuke. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akabeba kiti alichokuwa amekikalia, utepe ungali nyuma, akakipeleka mpaka ndani ya banda, katikati ya ngozi.

"Mwanangu," akamwambia mgeni, "kaa basi. Karibu ndani."