Cha Nyumbani Kiko Wapi?

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, wamemzika Mzee Mfaume kule Rasbura, mjini Lindi. Alikuwa mnunuzi wa pweza na kamba katika pwani yetu hii ya Kilwa, naye kaondoka na swali lake. Sikusoma sana, mwanangu, na marehemu sitampamba. Alikuwa mbishi wa bei, na sauti yake iliamsha mtaa mzima. Lakini nimechoka kusikia kwamba biashara na huruma havikai chungu kimoja. Kaa kidogo unisikilize.

Nakumbuka siku moja, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na kanga baada ya dhiki ndefu. Sisi wanawake tulikuwa tukishuka mwambani kila bamvua, maji yakitoka sana, tukiwachokoa pweza mashimoni kwa vijiti. Zamani tuliwala wenyewe, waliobaki tukawakausha. Miaka hiyo pweza akapata soko. Mzee Mfaume alikuja na gari lake bovu na masanduku ya barafu. Alikuwa mtu aliyetembea: Mombasa, Ngazija, mpaka Dubai.

Siku hiyo mama yangu, Bi Sharifa, alimwaga pweza wake wote mbele ya mizani. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeolewa juzijuzi, mawazo yote yako kwenye kanga niliyoiona dukani.

Mzee Mfaume hakugusa mizani. "Bi Sharifa, cha nyumbani kiko wapi?"

"Cha nyumbani kipi?"

"Kitoweo."

"Heee! Wewe umekuja kununua au umekuja kutupikia?" Wanawake wakaangua kicheko.

"Nimekuja kununua. Lakini cha watoto sinunui."

"Kwani hujasikia, mfinyanzi hulia gae?"

"Nimesikia, mama. Lakini hata hilo gae huwa na kitu ndani. Leo watakula ugali na nini, na mizani yangu?"

Mama akasonya, akachomoa pweza mmoja, mdogo kuliko wote. Mzee Mfaume akamrudisha kwenye fungu, akachagua mwingine mwenye nyama, akamtia katika kikapu cha mama kwa mkono wake. Ndipo akapima.

Alipokuwa akipima alituambia jambo. Kuna pwani moja aliyofika huko safarini, ambako nyumba zilikuwa zimepakwa rangi nzuri, lakini ndani wavuvi walikuwa wakila samaki wa kopo kutoka mbali. "Na aliyenunua kwao mpaka samaki wa mwisho ni mimi," alisema. "Nilikaribishwa chakula, wakanifungulia kopo. Nilishindwa kumeza." Hapo hakuna aliyecheka.

Haukupita muda mrefu, likaja lori la wanunuzi wengine. Bei yao ilikuwa nzuri na hawakuuliza mtu anakula nini. Watu wakahamia huko, mama yangu na mimi tukiwamo. Hata dereva wa Mzee Mfaume alimwambia mbele yetu, "Mzee, acha maswali hayo, utafunga biashara."

"Nikiacha kuuliza," akajibu, "mimi na lori tuna tofauti gani?"

Akaendelea kuja, masanduku nusu matupu, barafu ikidondoka maji njia nzima. Mwisho hakuja tena. Gari aliliuza, akabaki kuuza samaki wakavu sokoni Lindi mpaka uzeeni. Sitakudanganya kwamba alishinda. Hakushinda. Na mimi kanga nilinunua. Ikachakaa kama kanga zote.

Ila mama, mpaka kufa kwake, kabla ya kujitwika kikapu kwenda kwenye lori alikuwa akichomoa pweza mmoja na kumweka kando. "Huyu wa yule mbishi," alikuwa akisema, kisha akiondoka amenuna.

Mwanangu, leo nawe unauza: samaki, ufuta, korosho, hata nguvu za mikono yako. Uza, kuuza si dhambi. Lakini kabla ya mizani, tenga cha nyumbani, na usitenge kile kibovu ambacho mnunuzi amekikataa. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, muulize mwenzako ameacha nini. Huenda akakucheka, huenda akakukimbia. Muulize hivyo hivyo. Mungu akupe riziki ya kuuza na ya kubakiza, na akusitiri usije ukala samaki wa kopo kwa kujificha katika nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Jumapili maji yalitoka sana. Nikashuka mwambani na magoti yangu haya, nikapata pweza mmoja. Kijana wa pikipiki anayenunulia kiwanda alinisubiri ufukweni. "Bibi, nipe mimi huyo, bei utaipenda."

"Huyu ana msiba wake," nikamwambia.

Nikampiga pweza mchangani mpaka akalainika, kesho yake nikapanda basi la Lindi. Pale Rasbura mjane wa Mzee Mfaume, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa ukumbini na wenzake. Nikampa pole, nikampa mfuko.

"Ahsante, dada yangu," akasema. "Na nyumbani kwako umeacha?"

Nikamjibu, "Nimemkata minyiri miwili, mikono yake, nikawaachia wajukuu."

Akafungua mfuko, akatazama, kisha akainuka akaingia nao jikoni.