Benchi la Diwani wa Miezi Minane

Juzi nilimsindikiza binti yangu ofisi ya kata, huku kwetu Chonyonyo. Alikuwa diwani wetu miezi minane tu, akimalizia muhula wa aliyetangulia; uchaguzi ulipofika kura zikampa mwingine kiti, na tangu hapo akawa anaikwepa hata njia ile. “Mama, watanicheka.”

Barazani watu walijaa. Akawaamkia. Mzee mmoja akamkazia macho: “Diwani wa miezi minane.” Binti yangu akanibana mkono.

Mzee akainuka, akapangusa benchi kwa kofia, akafungua jani la mgomba lenye buni za kahawa za kutafuna, akampa yeye kwanza, kabla ya wanaume. “Kaa, mwanangu. Wa miaka mitano walituacha tumesimama. Benchi hili ulilileta wewe.”

Akakaa. Nami wakanisogezea nafasi, nikakataa. Nikisimama namwona vizuri zaidi.