Shira ya Kadzo

Jamani, leo sufuria imenitoa jasho, mimi niliyejenga nyumba tatu hapa Shika Adabu kwa mikono yangu!

Nilitaka chapati za maji na shira, kama ile ya marehemu mke wangu Kadzo.
Sukari imeadimika na vita hivi. Kwani nilishindwa? Nikachemsha tembo tamu la mnazi, lililogemwa asubuhi, mpaka likawa zito kama asali.
Nikatia iliki. Siyo yenyewe.
Nikatia mdalasini. Wapi!
Miaka arubaini nimeila, na sikumwuliza hata siku moja anatia nini.

Binti yangu Nyevu akaonja, akacheka.
"Baba, mama alitia iliki tu. Ule utamu mwingine ni kuungua."
"Kadzo aunguze? Mpishi yule?"
"Wewe ndiwe uliyekuwa ukimwita ikiwa motoni. Kadzo, kofia yangu i wapi? Kadzo, bakora yangu? Akirudi, imeshika chini."

Nikaiepua sufuria.

Nyevu alipokwenda zake, nikairudisha shira motoni.
Nikaita, "Kadzo!"
Nikaingoja ile abee yake mpaka harufu ya kuungua ikajaa jikoni.

Nimeionja. Ndiyo yenyewe.
Njooni mle nami, chapati hizi ni nyingi kwa mtu mmoja.