Samaki Saba wa Neema

Harufu ya maji ya chumvi hunirudisha Adelphi, Maryland, kwenye ghorofa ya tatu, mbali kabisa na bahari. Juzi niliingia hoteli moja mpya hapa Bujumbura, nikakuta tangi la samaki mapokezini. Kabla sijamsalimu mtu, nilikuwa na miaka kumi na moja tena, mwenye wivu.

Mnielewe vizuri. Nilikuwa mtoto wa kujivunia, na vyeti vyangu mama alivibandika ukutani mpaka rangi ya ukuta haikuonekana. Huyu mimi wa leo, mwenye diploma ya Marekani na duka la dawa alilolianzisha bila msaada wa mjomba yeyote, alianza kuonekana mapema.

Mama alikuwa akimhudumia mzee mmoja huko Wheaton. Mzee alipohamia kwa binti yake, alimwachia mama tangi la kioo lenye samaki saba wa matumbawe, wadogo, wa kijani kama kisamvu kibichi. Mmoja akigeuka, wote waligeuka, na kijani kikawa buluu. Mama akampa Neema awatunze. Neema alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyetufikia miezi mitatu kabla, akilala kwenye sofa na kusema maneno machache kwa siku.

Nilimwambia mama kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, kwamba msomaji wa mambo ya wanyama nyumbani ni mimi.

"Weye uko na mambo mengi," alinijibu kwa Kiswahili. "Muachie mwenzako kimoja."

Kimoja hicho kilininyima raha. Neema aliwanong'oneza samaki maneno ambayo sisi hakutupa. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi ikibaki, aliongeza maji yasiyo na chumvi, taratibu, kikombe kwa kikombe, na mama alisimama nyuma yake akitabasamu. Mimi nilipata alama za juu hesabu wiki hiyo. Akasema, "Vizuri," bila kugeuka.

Kwetu watoto tulikula sahani moja, na mama akataka samaki nao walishwe hivyohivyo. "Uwatilie chakula pembe moja," alimwambia Neema, "wazoee kuwa ndugu." Neema alitii, pembe ileile kila siku.

Nami niliazima kitabu maktaba ya shule, nionekane ninafaa kuliko yeye. Humo nikasoma kwamba samaki hawa, ingawa hutembea kundi moja, wana wakubwa na wadogo wao. Chakula kikiwekwa mahali pamoja, mkubwa hupalinda na kuwafukuza wengine mpaka wadhoofike. Kinatakiwa kitawanywe juu ya maji. Nilikifunga kitabu, nikakirudisha siku mbili kabla ya wakati.

Kila asubuhi nilisimama mbele ya tangi, Neema akiwa bado amelala kwenye sofa nyuma yangu. Mkubwa alikuwa kwenye pembe yake. Mdogo kuliko wote, mkia umechanika, alijibanza nyuma ya pampu. Wakabaki sita. Wakabaki watano.

"Neema, umewasahau tena?"

"Hapana, mama mdogo."

"Basi wanakufa na nini?"

"Labda maji machafu," nilidakia, nikijua fika kwamba maji ni safi.

Walipobaki wawili, mama alinikabidhi tangi. Siku ya kwanza tu nilitawanya chakula, na wawili wale wakaishi miaka. "Huyu ana akili," mama aliwaambia wageni wa kanisani, nami niliimeza sifa ile nikiwa nimemkazia Neema macho, nione kama imemuuma.

Leo Neema ni muuguzi, ana nyumba Annandale, na mama anaishi kwake, si kwangu. Nakiri hilo linaniuma bado. Mwaka jana, tukiongea kwa simu, nilimweleza habari ya kile kitabu kama mzaha wa zamani.

"Kitabu sikukijua," alisema. "Lakini nilijua unajua. Sikuwa nimelala. Nilikuona kwenye kioo cha tangi kila asubuhi, unawatazama wakiumana, unatabasamu."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nimwambie nini, dada? Wewe mtoto wake, mimi niko kwenye sofa yenu. Nilifumba macho tu, nikingoja uondoke ndipo niamke niwahesabu."

Nilikuwa nimeamini kwamba msichana yule amenipora mama. Kumbe alikuwa akijifanya amelala ili mimi, mwenye nyumba, nisije nikamfukuza, kama yule samaki mdogo nyuma ya pampu.