Nyimbo Zilizochapishwa Kabla ya Kusasisha

Juzi niliingia steshenari moja hapa Moshi kutoa kopi. Kompyuta ilikuwa ikimtaka mama mwenye duka aisasishe, naye akabonyeza "Baadaye" upesi, kama anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

"Unaahirisha tangu lini, mama?" nikamuuliza.

"Tangu mume wangu afariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa kule kwetu Mkuu. Nyimbo alizotunga ziko humu, kwenye programu ya zamani. Fundi kaniambia nikisasisha haitafunguka tena, na nisiposasisha virusi vitakuja kufuta kila kitu."

Nikamshauri azichapishe kwanza. Akafuta kioo kwa pindo la kanga, kisha akawasha printa.

Kila ukurasa aliupokea kwa mikono miwili, akiimba sauti ya alto chinichini. Nami nikakumbuka mazoezi ya Jumamosi utotoni, tulivyokimbilia kanisani mikono ikinuka majani ya ng'ombe tuliyotoka kukata, na mwalimu akigonga benchi kwa rula tukikosea.

Ukurasa wa mwisho ulipotoka, akabonyeza "Sasisha sasa". Kompyuta ilijizima, ikakawia, ikawaka. Programu ya marehemu ikagoma kufunguka. Mama akaitazama tu.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akachukua ukurasa mezani, akausoma, akavua kofia.

"Wimbo huu tuliuimba Pasaka," akasema, akaingia na sauti ya besi.

Mama akamfuata kwa alto. Sijawahi kuona foleni ya steshenari yenye subira kiasi kile.